Vidole vya Mpiga Gita: Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi na Onyesho la Roki Kwenye Mashuka

Alhamisi, Lubumbashi

Gari limejaa. Ni Hiace ya mjomba wa mpiga solo wetu, ile anayobebea unga kutoka Kasumbalesa siku za kawaida, na mpaka leo ukiegemea kiti unainuka na mgongo mweupe. Humo ndani tumepanga projekta moja kuukuu, jenereta ya petroli, spika mbili, kompyuta mpakato, mizingo ya kebo, na mashuka matatu meupe ambayo fundi cherehani wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ameyaunga yakawa kitambaa kimoja cha upana wa mita nne na ushei. Aliuliza kama ni ya harusi au ya kilio. Tulipomwambia ni ya muziki wa roki, akaongeza bei.

Wapenda roki Lubumbashi tupo, ingawa tunajuana kwa sura. Mji huu una rumba yake, una karindula inayopigwa kwa gita kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, una kwaya kila mtaa, na mtu akitaka kusikia gita linalonguruma hadi madirisha yatikisike inambidi aalikwe na anayelijua. Bendi tunayoishabikia ni ya vijana watano wa Katuba. Wanapiga vizuri, ila wanapiga chini ya balbu moja, na sasa wamepata hamu ya kupiga na picha jukwaani. Pesa hakuna. Ndipo tulipoamua kuzunguka na DVD ya onyesho la U2, bendi ya roki ya Dublin, Ireland, lililofanyika katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, California, tarehe 25 Oktoba 2009. Tuonyeshe Likasi, tuonyeshe Kolwezi, tukusanye kiingilio, na tusikilize watu wanasema nini wakiliona jukwaa la namna ile.

Wengine kundini walitaka kitu kipya zaidi. Mimi niling'ang'ania hili kwa sababu lilijengwa watu wakae pande zote nne za wanamuziki. Sisi tangu zamani ngoma tunaizunguka. Hao wa Dublin, walioanza bendi yao mwaka 1976 wakiwa bado shuleni, walizungukwa namna hiyo katika viwanja vya mpira, na ziara yenyewe wakaiita jina la duara kamili, 360°.

Ijumaa, Likasi

Tumeondoka kukiwa giza. Ni kipwa, yaani kiangazi, Juni, na baridi ya alfajiri ya Katanga haina masihara. Dada anayesimamia projekta, mwanafunzi wa umeme pale chuo kikuu, alijifunika kile kitambaa cha onyesho mpaka jua lilipotoka. Tukipita nje ya mji tulikutana na wauza makaa wakiingia, baiskeli zao zimebebeshwa magunia hadi anayesukuma haonekani. Mjomba haongei akiendesha, isipokuwa kuwatukana wenye malori, na malori njia hii hayaishi. Kilomita kama 120, ushuru wa barabara, chai, mikate, tukafika.

Tulipewa ua wa nyumba moja mtaa wa Kikula. Saa kumi na mbili jioni jua lilizama, lakini projekta yetu ni dhaifu, ikabidi kungoja mpaka weusi uwe weusi kweli. Watoto walijaa kabla hatujatandika chochote. Kisha wakaja wazee wachache na viti vyao, wakakaa mstari wa mbele bila kuomba nafasi kwa mtu, mmoja na gita lake ndani ya gunia.

Likasi ndiyo ile Jadotville ya zamani. Hapa ndipo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alipomkuta Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 na kumrekodi, na dunia ikajua kwamba Katanga kuna kijana anayepiga kwa gumba na kidole cha shahada, gita moja likasikika mawili. Kwa hiyo wazee wa Likasi kwenye mambo ya gita hawaji kushangaa. Wanakuja kukagua.

Picha ilipoanza, watoto walipiga yowe kwa lile jukwaa lenyewe. Kuna miguu minne ya chuma iliyopinda, inakutana juu na kutokeza mnara, yote karibu mita 50 kutoka chini. Washabiki wake huliita Ukucha. Watoto wa Kikula waliliita buibui papo hapo, hawakushauriana. Wanamuziki wanne wako katikati ya miguu hiyo, na juu ya vichwa vyao inaning'inia skrini ya mviringo inayotazama kila upande. Nje ya jukwaa kuna njia ya duara, na madaraja mawili yanayosogea juu ya watu kuiunganisha na katikati. Daraja la kwanza liliposogea na Bono, mwimbaji wao, akiwa juu yake, mama mmoja alisema, "Ataanguka huyu," akaendelea kumngojea aanguke muda mrefu.

Wazee walikuwa kimya. Kisha yule mwenye gunia akageuka, akanitazama mimi na si skrini.

"Mwana, beko banatuonyesha mataa. Vidole iko wapi?"

Nikamwambia vitakuja. Vikaja kweli: kamera ikasogea kwa The Edge, mpiga gita wao, mkono wa kushoto ukajaa shuka zima. Mstari wa mbele wote ukainama mbele. Kamera ikakaa sekunde chache, ikahama kwenda kwenye mnara. Wazee wakaguna kwa pamoja, kwa hasira ya kweli. Hali ikawa hivyo usiku mzima: kila vidole vikitokea wanainama, kila vikiondolewa wananung'unika. Taa zote zile, na wanalilia sentimita ishirini za mti na nyuzi.

Mzee alirudi kwangu baadaye. "Huyu anapiga moja, mashine inamupigia tatu."

Alikuwa amesikia sawasawa. The Edge anajulikana kwa kifaa cha mwangwi: anapiga noti, kifaa kinairudia baada ya muda aliouchagua mwenyewe, na ule mrudio unaangukia katikati ya mapigo ya ngoma, hivyo mkono unaofanya kazi kidogo unasikika umefanya nyingi. Nilimweleza. Alifikiri kidogo.

"Na mashine analipa mushahara?"

Tulicheka sote. Lakini baadaye nilimwona akimweleza mwenzake jambo hilo kwa heshima, akipimia hewani kwa kidole: hapa anapiga, hapa inarudi, hapa anapiga tena.

Mambo mawili zaidi ya Likasi. La kwanza, kabla ya mojawapo ya nyimbo kubwa, Askofu Mkuu Desmond Tutu alitokea kwenye skrini ya duara akizungumza na umati. Hatukuwa tumemtangaza. Nusu ya ua ulipiga makofi kabla hajamaliza sentensi, na mama mmoja akasema, "Huyu papa ninamujua," kwa sauti ya mtu aliyemwona ndugu kwenye stesheni ya treni. La pili ni pale Larry Mullen, mpiga ngoma wao, alipoacha ngoma zake za kukalia, akavaa djembe, ngoma ya kupigwa kwa mikono, begani na kutembea nayo akizunguka ile njia ya nje. Hapo watoto walisimama kucheza, na hawakuketi tena.

Kisha skrini ikarefuka. Ile duara imeundwa kwa vipande vingi vya pembe sita vilivyoungwa kwa vyuma vinavyokunjuka. Chuck Hoberman ndiye aliyebuni mkunjuo huo, yule yule wa mpira wa kuchezea unaotanuka. Ikiwa imefungwa ni ukanda wa picha. Ikifunguka inashuka na kuwa na kimo cha ghorofa kama saba, mpaka karibu na vichwa vya wanamuziki, na picha inapasuka kuwa nukta zilizotawanyika. Ua ulisema "eeeh" ndefu. Wazee pia walisema. Halafu yule wa gunia akauliza, kwa haki yake, kama walio ndani bado wanapiga au wamekwenda kula.

Jumamosi, njiani

Likasi mpaka Kolwezi. Vumbi, malori ya shaba, Fungurume, malori ya shaba. Mpiga solo alilala. Dada wa projekta alihesabu fedha za kiingilio akakuta noti zilizochakaa zaidi ya alizowahi kuziona, akazipanga kwa kadiri ya kuchanika.

Jumapili, Kolwezi

Onyesho la Kolwezi tulilifanyia ua wa gereji, upande wa Manika, ambako madereva wa masafa huegesha wakisubiri mzigo. Saa za misa zilipita, watu wakaja na makoti. Sehemu kubwa ya walioketi ilikuwa wanaume wanaojua uzito wa vitu. Niliwaona wazee wa Likasi wakitazama vidole. Hawa wa Kolwezi walitazama chuma.

Maswali yalianza kabla ya wimbo wa tatu, na ilibidi tusimamishe picha.

"Ile buibui inabebwa na malori ngapi?"

Zaidi ya 100, nikasema.

"Na skrini peke yake?"

Tani 54.

Dereva mmoja mwenye kofia ya sufu akahesabu kwa sauti. Lori lake linapakia shaba kiasi cha tani 30. "Basi skrini ni malori mawili. Yale mengine yanabeba nini?" Nikamwambia: chuma cha miguu, sakafu, taa, kebo, jenereta, spika, majiko ya wapishi. Tena miundo ya chuma haikuwa mmoja. Ilikuwa mitatu, ikipokezana. Mmoja unatumika usiku huu, wa pili unajengwa mji unaofuata, wa tatu unavunjwa mji uliotangulia, kwa sababu kuusimamisha kunachukua siku kadhaa na bendi haiwezi kungoja. Hilo liliwapendeza kuliko wimbo wowote. Walianza kulizungumza wao kwa wao kana kwamba wamepewa kandarasi: crane inatoka upande gani, nyasi za uwanja zinafunikwa na nini, nani anatangulia barabarani.

"Na siku ambayo hawapigi?"

Gharama ilitajwa kuwa kama dola 750,000 kwa siku, wapige wasipige. Ua wa gereji ukanyamaza. Kisha sauti kutoka nyuma: "Na dereva siku hiyo analipwa?" Hilo sikuwa na jibu lake, na ndilo waliloondoka nalo.

Kwa kimo niliwaambia wafikirie bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, pale Lubumbashi, lile la zaidi ya mita 150. Ukucha ni theluthi yake. Wengine walivunjika moyo kidogo. Wamelipita bomba hilo mara nyingi mno. Fundi mmoja wa kuchomelea akawakemea: bomba halijawahi kuhamishwa, limekaa hapo tangu wakati wa Wabelgiji, hili la wenzetu linavunjwa na kusafiri. Mchoraji wa jukwaa alikuwa Mark Fisher, msanifu wa Uingereza aliyefariki mwaka 2013, ambaye mwaka 1980 aliwajengea bendi ya Pink Floyd ukuta wa kweli jukwaani, tofali kwa tofali, wakiwa wanapiga. Mchomeleaji alitaka kujua kama tofali zile zilikuwa za udongo. Zilikuwa za maboksi. "Haa," alisema, na heshima ikapungua.

Kwa skrini ile hata Wabelgiji wamo, maana aliyeitengeneza ni Barco, kampuni ya Kortrijk. Nilitaja hilo nikidhani litawagusa. Halikumgusa mtu.

Karibu na mwisho Bono hutoka na koti lililoshonewa taa zinazotoa miale myekundu, akaning'inia kwenye maikrofoni ya duara iliyoshushwa kwa waya kutoka juu. Kolwezi walicheka mpaka machozi. Si dharau, walicheka kama tunavyomcheka mtani tunayempenda. "Huyo ni mtu wa usiku shimoni," mmoja alisema akipapasa paji la uso, pale wachimbaji wanapofunga tochi.

Na hapo kijana mmoja, kwa kweli mdogo kuliko DVD yenyewe kwa namna alivyoongea, akanyanyua simu yake. "Yaya, hii yenu ni ya kale. Angalieni hii." Ilikuwa vipande vya Sphere, lile jengo la tufe la Las Vegas ambalo U2 hao hao walilifungua tarehe 29 Septemba 2023 wakapiga humo maonyesho 40 hadi Machi 2024. Ndani yake skrini inaanzia ubavuni na kupita juu ya vichwa mpaka nyuma. Ukitazama mbele unaona jangwa, anga, mji uliobomolewa vipande. Mullen hakuwapo, aliketi Bram van den Berg mahali pake. Simu ikapita mkono kwa mkono. Watu walishangaa, kweli walishangaa. Kisha dereva mwenye kofia ya sufu akairudisha kwa mwenyewe na kuuliza: "Na wao wako wapi?"

Kijana akaonyesha. Kwenye video hiyo wanamuziki walikuwa watu wanne wadogo chini kabisa, juu ya jukwaa lililotengenezwa mfano wa santuri.

"Niliwadhani ni vumbi kwenye kioo."

Dada wa projekta alimtetea kijana: mtu anaweza kutaka kuzamishwa ndani ya picha, si kosa. Mpiga solo alimkatalia dada. Waliendelea hadi mafuta ya jenereta yakaisha na ua ukawa giza, na hata gizani waliendelea.

Jumatatu, kurudi

Ubishi ule umesafiri nasi. Kabla ya Fungurume ulikuwa umebadilika kuwa hesabu, na hapo dada alitushinda sote.

Skrini ya Ukucha, pamoja na tani zake 54, ilikuwa na pikseli kama 500,000. Projekta yetu hii kuukuu, ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa tairi, ina 1,024 kwa 768, yaani zaidi ya 780,000. Na simu ya kijana wa Kolwezi, ya bei ya kawaida, inapita milioni moja. "Kwa hiyo," dada alisema akimtazama mpiga solo kwenye kioo cha mjomba, "tumebeba skrini bora kuliko ya U2 kwenye Hiace ya unga."

Mpiga solo alikataa kuamini mpaka alipopewa karatasi. Kisha akaelewa, na mimi pia nikaelewa kwa nini ile picha ilivumilika. Anayekaa mita 60 kutoka jukwaani hatofautishi nukta na nukta. Jicho linaziunga lenyewe. Haja yake si picha kali, ni kitu kikubwa na mwanga mwingi. Uso wa mwimbaji uwe na kimo cha mita kadhaa, basi, hata nukta zikiwa zimeachana kwa upana wa kidole. Sisi tuna nukta nyingi, ila mwanga wetu ni mchache mno na kitambaa chetu ni mashuka matatu.

Mjomba, aliyekuwa hajasema neno tangu Kolwezi, akauliza: "Sasa mtaonyesha nini kwenye mashuka?"

Mpiga solo akasema: vidole. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa tumeshaandaa michoro ya moto, ya volkano, ya simba anayefungua kinywa. Yote ikafutwa kati ya Fungurume na Likasi.

Alhamisi, Katuba

Uwanja wa shule umepatikana, kwa sharti tufagie. Nguzo ni za mikaratusi, nne, mita tano kila moja. Tumejaribu kitambaa jioni hii. Tunataka watu wakae pande mbili, mbele na nyuma ya bendi, kwa kuwa pande nne zinahitaji projekta nne. Dada alipendekeza jambo la akili: mashuka ni mepesi, mwanga unapenya, hivyo yakitundikwa juu ya bendi katikati, projekta ikipiga upande mmoja, picha inaonekana pia upande wa pili.

Inaonekana, ila imegeuzwa. Tulikuwa tumetayarisha jina la bendi kwa herufi kubwa. Upande wa pili lilisomeka kama laana. Herufi zikafutwa nazo. Zimebaki simu moja iliyofungwa kwenye stendi karibu na mkono wa kushoto wa mpiga solo, na nyingine ya akiba mfukoni.

Jumamosi usiku, Katuba

Watu walikuja. Sitasema umati, ila mlango ulikuwa na foleni, na mama mwenye kikanda cha kula na munkoyo wa kunywa aliyekuwa amejipanga ukutani, nyuma kabisa, aliuza beseni la kwanza kabla bendi haijaunganisha nyaya. Umeme ulikatika saa moja na nusu kama ilivyotarajiwa. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta tayari.

Wimbo wa kwanza tulipiga bila picha, makusudi. Wa pili ukiwa katikati, dada akaondoa kifuniko cha lenzi. Mkono wa kushoto ukatokea juu ya vichwa vya wanamuziki, mita tatu kwa kimo: kucha, sugu za ncha za vidole, kovu la wembe kwenye kidole cha kati, uzi wa pili ukitetemeka mpaka ukawa nyuzi mbili. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu. Kelele iliyotoka haikuwa ile ya Kikula ya kushangaa chuma. Ilikuwa ya kumtambua mtu. "Ni yeye! Ni mkono wake!" msichana mmoja alimwambia mwenzake, na wote wawili wakawa wanatazama mkono halisi, kisha shuka, kisha mkono halisi.

Mpiga solo alijua anaonwa. Kwa dakika kumi alipiga vibaya, vidole vimekauka kwa aibu. Halafu akasahau, na ilipofika sebene, ile sehemu ya gita la kuchezesha watu, maana bendi ya roki ya Katuba isiyo na sebene itakula wapi, watu wakaanza kushangilia mapito ya kidole kimoja kimoja kama wanavyoshangilia Mazembe akikaribia lango. Anashuka shingo ya gita, wanapanda sauti. Anabana noti, wanashusha. Sikuwahi kuona umati wa Lubumbashi ukifuata solo kwa macho.

Lakini mstari wa mbele ulikuwa na malalamiko. "Picha iko nyuma ya muziki!" walipaza sauti. Ilikuwa kweli. Kutoka kamera ya simu hadi kompyuta hadi projekta, picha ilikuwa inachelewa kidogo. Ukikaa karibu unasikia noti, kisha unaona kidole kikiibonyeza. Kijana mmoja alisema inamtia kizunguzungu, akahamia pembeni.

Upande wa nyuma ya bendi nao ulikuwa na swali lake. Kule picha imegeuzwa, na mpiga solo aliyekuwa akionekana mashoto kwenye shuka alikuwa hapo hapo chini yake amewapa mgongo akipiga kwa kulia. Wazee wawili walibishania jambo hilo mpaka mwisho. Mmoja alishikilia kwamba wapiga gita ni wawili na wa pili amefichwa.

Nikaenda ukutani kununua munkoyo, na hapo nikakutana na jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Nilipogeuka kutazama kutoka pale, picha na sauti vilikuwa vinakwenda pamoja. Kidole kinabonyeza, noti inalia, wakati mmoja. Nikamuuliza mama wa kikanda kama ameona picha inachelewa.

"Inachelewa wapi? Iko sawa kabisa. Wewe ulikaa wapi?"

Jumapili, Katuba

Leo tumefagia, na dada ametueleza. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Kutoka spika zetu hadi ukuta wa mama wa kikanda ni kama mita 50, basi sauti inafika huko imechelewa sehemu moja ya saba ya sekunde. Mwanga hauchelewi kwa kiasi cha kuonekana. Picha yetu nayo ilikuwa inacheleweshwa na mitambo kwa kiasi hicho hicho, au karibu yake, na vilivyochelewa viwili vikakutana ukutani. Kwenye viwanja vikubwa mafundi hufanya hesabu hiyo kwa makusudi: spika zilizosimikwa mbali na jukwaa hucheleweshwa, ili sauti yake isimtangulie ile inayotoka mbele. Sisi tuliifanya kwa simu ya bei rahisi. Mpiga ngoma aliambiwa apige mara moja moja huku tunatembea kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kweli, kuna mahali kijiti na mlio vinashikana. Tumechora mstari wa chaki hapo.

Mstari huo tayari umeleta ugomvi. Mweka hazina anasema viti vya kwenye chaki viuzwe ghali, vya mbele vishuke bei. Mama wa kikanda amesikia, amekuja na mumewe, na anasema nafasi yake ya ukutani ni ya siku zote, kuwe na chaki au kusiwe. Waliokaa mbele wametuma mtu kudai kwamba mara ijayo picha izimwe upande wao. Waliokaa nyuma ya bendi wanataka mpiga solo wa pili atolewe hadharani. Kutoka Likasi, yule mzee wa gunia amemtumia mjomba ujumbe wa sauti, dakika mbili za gita peke yake na swali moja mwishoni: mkono wa kulia mliuonyesha?

Hatukuuonyesha. Dada amesema simu ya akiba inaweza kufungwa upande wa kulia, picha zigawane shuka. Mpiga ngoma kasikia habari ya simu ya pili, sasa na yeye anadai kamera yake. Tumemwambia alete simu.